Barua ya wazi kwa wasimamizi wetu: tunataka kuwaazimisha wahusika wetu, tupeni namna ya kufanya hivyo

KWA: Wasimamizi wakuu na wasimamizi wasaidizi wa jumuiya yetu ya mashabiki
KUTOKA KWA: Waandishi na wachoraji wenye wahusika wa kubuni
YAH: KANUNI YA "WAZI" AU "AMEFUNGWA"

Waheshimiwa wasimamizi,

Salaam. Tunaanza kwa shukrani, na zinatoka moyoni. Mnafuta matangazo ya matapeli, mnatuliza ugomvi, mnapanga zamu za kubadilishana hadithi na michoro, na hakuna anayewalipa. Bila kazi yenu wahusika wetu, yaani wale tuliowabuni wenyewe na kuwaingiza katika ulimwengu wa hadithi tunayoishabikia, wangebaki kwenye madaftari yetu wenyewe.

Jambo hili tumeshalileta kwenu faraghani, kwa ujumbe na kwa fomu ya malalamiko. Jibu likawa kwamba kanuni zinatosha, na asiyetaka mhusika wake atumiwe amfunge. Tunaandika hadharani kwa sababu jibu hilo halikugusa tulichouliza. Hatukuomba njia ya kuwafunga wahusika. Tunataka waazimwe. Mtu akimchukua mganga uliyemtunga wewe, akambishanisha na mhusika ambaye hukuwahi kumfikiria, na bado ukaisikia sauti yake ile ile, hakuna furaha kubwa kuliko hiyo katika jumuiya kama yetu. Lakini kanuni zenu zinatupa majibu mawili tu, na matokeo yake wengi wetu tunawafunga wahusika ambao tungependa watembee.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kisanduku kimoja hakiwezi kubeba ruhusa yote

Ukurasa wa mhusika una kisanduku kimoja. Anayechagua "Wazi" anahesabiwa ameruhusu kila kitu. Anayechagua "Amefungwa" anahesabiwa amekataa kila kitu, hata mhusika kutajwa kwa jina tu katika hadithi ya rafiki.

Ruhusa ya kumtumia mhusika ina sehemu zisizopungua 8: kumtaja au kumpitisha kwa mbali, kumpa mazungumzo, kumfanya mhusika mkuu, kumchora, kumpa mpenzi, kumjeruhi, kumuua au kumfanya mhalifu, kubadili umri, umbo au maisha yake ya nyuma, na kumtumia katika kazi ya kulipwa. Ni nadra sana mtu kuwa na jibu moja kwa zote. Wengi wetu tunaruhusu nne za kwanza kwa mikono miwili, tunataka kuulizwa kuhusu ya tano na ya sita, na mbili za mwisho tunazikataa.

Tuseme mhusika ni mganga anayechechemea mguu wa kushoto na aliyeapa kutoshika silaha. Mguu na kiapo ndivyo vinavyoendesha hadithi zake zote. Hawezi kukimbia, kwa hiyo inambidi azungumze. Hawezi kupigana, kwa hiyo anajificha, anahadaa, anasubiri. Mwazimaji aliyeona neno "Wazi" anamponya mguu katika sura ya pili kwa sababu anahitaji mtu wa kukimbia, na katika sura ya tano anampa upanga. Hajavunja kanuni yoyote. Hakuna aliyemwambia, na mwenye mhusika hakuwa na mahali pa kuliandika hilo. Kinachofuata mnakijua kuliko sisi: manung'uniko, marafiki kugawanyika makundi, msimamizi kuitwa usiku, na mwisho mwazimaji kufuta sura alizoziandika kwa nia njema kabisa.

Ugomvi wa namna hii hauletwi na watu wabaya. Unaletwa na fomu.

Fomu yenye mistari 6 ingetosha. Kwa mganga huyo ingesomeka hivi:

Bila kuuliza: kumtaja, kumpa mazungumzo, kumchora, kumkutanisha na wahusika wa ulimwengu mwingine.
Uliza kwanza: kumpa mpenzi, kumjeruhi kwa jeraha la kudumu, kumfanya mhusika mkuu wa hadithi inayozidi sura 3.
Hapana: kumponya mguu, kumpa silaha, kumuua, kumpunguzia umri, kumweka katika maudhui ya ngono, kumuuza kwa namna yoyote.
Yasiyobadilika: ana miaka 41, anachechemea mguu wa kushoto, hamwiti mtu kwa jina mpaka amwamini, huosha mikono kabla ya kujibu swali gumu.
Kutaja chanzo: jina langu na kiungo cha ukurasa huu, mwanzoni mwa kazi na si mwishoni.
Toleo la 2, pamoja na tarehe lilipoanza kutumika.

Dakika moja inatosha kuisoma. Mstari wa nne ndio unaosahaulika zaidi, nao ndio unaomsaidia mwazimaji kuliko yote. "Mpole lakini jasiri" haimpi mwandishi chochote, kwa kuwa wahusika maelfu wako hivyo. "Huosha mikono kabla ya kujibu swali gumu" inampa tukio zima.

Kwa wachoraji mstari huo uwe na vitu vinavyopimika: mchoro wa mbele, wa ubavu na wa nyuma, urefu ukilinganishwa na mhusika mwingine anayejulikana, rangi kwa msimbo wake wa alama 6 za tarakimu na herufi, maana "kahawia" ya skrini moja si kahawia ya skrini nyingine, na alama za mwili zitajwe kwa upande wa mhusika mwenyewe, si wa mtazamaji. Makovu huhama upande kila mara, na sababu yake ni ya kawaida sana. Wachoraji wengi huigeuza picha kama kioo ili wakague uwiano wa uso, kisha husahau kuirudisha. Neno "shavu lake la kulia" kwenye ukurasa wa mhusika lingeokoa saa nyingi za kuchora upya.

Tunaongeza jambo moja la kisheria hapa kwa sababu linaunga mkono fomu yenye maelezo. Mwaka 1930, katika kesi ya Nichols dhidi ya Universal nchini Marekani, jaji Learned Hand alieleza kwamba kadiri mhusika anavyokuwa hajaendelezwa ndivyo hakimiliki inavyoshindwa kumlinda. Jina peke yake, au wazo la "mganga mwenye siri", halina mwenyewe. Ukurasa ulioandikwa vizuri unamwongoza mwazimaji na wakati huo huo unaonyesha kilicho chetu kinaanzia wapi.

2. Ruhusa zinatolewa faraghani na hazina kumbukumbu

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hivi sasa daftari hatuna. Anayetaka kuazima hutuma ujumbe binafsi. Akaunti ikifutwa, mazungumzo yanapotea nayo. Mmoja akimzuia mwenzake, hakuna tena anayeweza kuonyesha kilichosemwa. Picha za skrini zinaletwa kwenu zikiwa zimekatwa kabla ya jibu la pili, nanyi mnaombwa kuhukumu.

Hata ujumbe ukibakia, maneno yenyewe ni mepesi mno. Swali huwa "naomba kumtumia mhusika wako?" na jibu "sawa, karibu." Mwenye mhusika alidhani ni tukio moja. Mwazimaji akaelewa mfululizo mzima. Wote wawili wanasema kweli.

Ombi linalofaa lina mambo matano: ni kazi ipi na ya urefu gani, mhusika atafanya nini, pamoja na atakavyoishia, atakutana na wahusika gani wa watu wengine, itawekwa wapi, inatarajiwa kuanza lini. Kuhusu mwisho wa mhusika, watu huficha kwa kuogopa kuharibu uhondo. Wasifiche. Mwenye mhusika si msomaji wa kushangazwa, ndiye anayeombwa ruhusa. Jibu nalo liseme kama ni kwa kazi hiyo pekee au kwa nyingine zitakazofuata. Na kimya kisihesabiwe ndiyo. Siku 14 zikipita bila jibu, ombi lihesabiwe halikukubaliwa, na mwazimaji ajue aendelee na mhusika mwingine badala ya kukaa akisubiri.

Kuna pia mkono wa tatu. Mtu anasoma hadithi ya mwazimaji, anampenda mganga, naye anaandika ya kwake akidhani mganga ni wa mwazimaji. Baada ya hadithi mbili tatu, asili yake haijulikani tena. Dawa yake ni kanuni ya sentensi moja: mwazimaji haazimishi, na kila anayemtaka mhusika arudi kwenye ukurasa wa mwenyewe. Ndiyo maana tunasisitiza kiungo kiwekwe mwanzoni.

Haki ya mwazimaji nayo iandikwe, na hili tunalisema sisi wenye wahusika. Kilichotokea katika hadithi ya kuazima hakimfungi mwenye mhusika. Si lazima mganga wake akumbuke vita ambavyo yeye hakuviandika. Hali kadhalika, mwazimaji akimpa mganga dada, na dada huyo akapendwa na wasomaji, dada ni wa mwazimaji. Mwenye mganga akimtaka, naye aombe. Leo kanuni zenu hazisemi neno kuhusu hili, na wapo waandishi wazuri wanaokataa kuazima kwa sababu wanaogopa kila watakachobuni kitachukuliwa.

3. Masharti yakibadilika, anayeumia ni aliyeazima

Kanuni inayotumika ni ile inayoonekana kwenye ukurasa siku ya malalamiko. Mwandishi ameshaweka sura 18 kati ya 30 alizopanga. Mwenye mhusika anabadili kutoka "Wazi" kwenda "Amefungwa", analalamika, na kazi yote inaondolewa. Hilo si haki hata kama mhusika ni wetu.

Tunapendekeza kila badiliko liwe toleo jipya lenye namba na tarehe, na matoleo ya zamani yaendelee kusomeka. Kazi iliyoanza kuwekwa hadharani chini ya toleo la 1 imalizike chini ya toleo la 1. Ombi lililokubaliwa lishike masharti ya siku lilipokubaliwa. Kazi mpya ifuate toleo jipya.

Tunataka mambo mawili tu yawe nje ya kinga hiyo: maudhui ya ngono, na matumizi ya mhusika kuwatukana au kuwachochea watu dhidi ya kundi fulani. Hapo mwenye mhusika awe na haki ya kumtoa hata kama alikuwa "Wazi". Kumtoa mhusika si lazima kuwe kufuta hadithi. Mwazimaji apewe siku 30 abadili jina, aondoe alama zote zilizo kwenye mstari wa "Yasiyobadilika", aondoe kiungo na lebo, na hadithi yake ibaki. Jambo lenyewe linawezekana, ila lina mitego. Kutafuta jina na kulibadili kwa programu huacha majina ya utani, vichwa vya sura, na maneno yaliyomo ndani ya picha. Wakaguzi waanze na hivyo vitatu. Mhusika mwenye umri wa mtoto yeye asihitaji hata toleo: maudhui ya ngono juu yake yawe marufuku kwa kila mtu, mwenye mhusika akiwemo.

4. Miezi 6 ya kimya isiwe sababu ya kumpoteza mhusika

Hapa ndipo tunapoumia zaidi. Kanuni yenu inasema mwenye mhusika asipoonekana kwa miezi 6, mhusika anakuwa wa wote. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kanuni imeligeuza neno hilo kuwa sheria. Watu huugua. Watu huzaa, hufiwa, hubanwa na mitihani na kazi, hukosa kifaa. Wanaporudi wanamkuta mhusika waliyemlea miaka ana wazazi wapya, jina la ukoo jipya na hadithi 20 ambazo hawawezi kuzigusa.

Tunaelewa kanuni hii ilitungwa kwa nini. Wapo wahusika ambao wenyewe wameondoka kabisa, wanapendwa, na hakuna wa kuulizwa. Tatizo ni la kweli, lakini suluhisho liko mikononi mwa mwenye mhusika kabla hajaondoka. Fomu imuulize tangu siku ya kwanza: nikikaa kimya mwaka mmoja, mhusika wangu abaki na masharti yaliyopo, au afungwe, au asimamiwe na fulani ambaye amekubali, au awe wa wote. Asiyejibu, masharti yaliyopo yabaki. Basi. Mganga wetu, kwa mfano, angeendelea kutajwa, kuzungumzishwa na kuchorwa bila mwenyewe kuwepo, na yale ya "Uliza kwanza" yangesimama.

Wengine walishafika huko. Archive of Our Own, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za mashabiki ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2009, inampa mwandishi njia ya kuziacha kazi zake zibaki bila jina lake, na pia ya kumteua mapema mtu atakayesimamia akaunti akifariki au asipoweza tena. Yote mawili yanafanywa kwa hiari ya mwandishi mwenyewe, si kwa kuhesabiwa miezi.

5. Wahusika wenye wenyewe wawili, na wahusika walionunuliwa

Fupi. Mmoja aliandika, mwingine alichora: wote wawili wajaze fomu, na pale majibu yanapotofautiana lifuatwe lililo kali zaidi. Mchoro wa wahusika wawili wakikumbatiana unahitaji ruhusa ya wenyewe wawili, hata kama mmoja yuko wazi kabisa. Aliyenunua mhusika kwa mchoraji hawezi kuazimisha zaidi ya alichonunua. Kama mchoraji aliuza kwa sharti la kutomfanyia biashara, sharti hilo lisafiri na mhusika na liandikwe kwenye ukurasa.

6. Fedha, na vitu ambavyo si vyetu kuazimisha

Kila mhusika wa kubuni katika jumuiya ya mashabiki ana tabaka. Kuna ulimwengu wa hadithi mama, yaani ile tunayoishabikia: miji yake, nguvu zake, sare zake. Huo si wetu, na ruhusa yetu haiufikii. Kuna tulichobuni sisi: umbo, tabia, historia, namna ya kusema. Na kuna anachoongeza mwazimaji. Tunaazimisha tabaka la kati tu. Kwa hiyo mtu anayechapa vibandiko vya mganga wetu akiwa amevaa sare ya hadithi mama anahitaji ruhusa ambayo sisi hatuwezi kumpa. Ukurasa useme hivyo waziwazi, ili asije akatuonyesha neno "Wazi" siku mambo yakiharibika.

Kosa hili limewahi kukumba hata jumuiya zilizojipanga. Mradi wa SCP Foundation, ambao watu wengi huandika pamoja hadithi za kutisha mtandaoni, unaweka maandishi yake chini ya leseni ya Creative Commons ya BY-SA 3.0, yaani ruhusa ya wazi ya kutumia na kubadili kazi kwa sharti la kumtaja mtunzi na kutoa kazi mpya kwa leseni hiyo hiyo. Mmoja wa kurasa zake mashuhuri, SCP-173, ulikuwa na picha ya sanamu ya msanii Izumi Kato, ambayo haikuwa chini ya leseni hiyo. Mwaka 2022 picha hiyo iliondolewa. Maandishi yalikuwa yao kuyatoa. Picha haikuwa yao.

Kanuni zitofautishe pia malipo na malipo. Mwenye mhusika kumlipa mchoraji amchoree mhusika wake ni jambo moja. Shabiki kumlipa mchoraji amchore mhusika wa mwingine kama zawadi ni jambo la pili, na wengi wetu tunaliruhusu. Kuuza nakala kwa yeyote ni la tatu. Leo yote yanaitwa "biashara".

7. Programu za akili mnemba

Kuwapakia wahusika wa wengine kwenye programu zinazojifunza kutokana na picha na maandishi, au kutengeneza mhusika wa kuzungumza naye kutokana na ukurasa wa mtu, kuwe na swali lake kwenye fomu. Lisibebwe ndani ya "Wazi". Mhusika akishaingizwa kwenye mafunzo ya programu, hakuna toleo la 2 litakalomtoa.

Majibu tunayoyatarajia

Tunajua mtakayosema, kwa kuwa mengine mmeshasema.

"Mtu akiweka kazi hadharani amekubali itumiwe." Hapana. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao leo una nchi wanachama zaidi ya 180, kazi inalindwa bila kusajiliwa popote, na kuichapisha si kuiachia. Tangu marekebisho ya mwaka 1928 mkataba huo unamtambulia mtunzi pia haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomharibia heshima.

"Lakini nyinyi wenyewe mnaandika kuhusu wahusika wa watu bila kuomba." Hoja hii ni nzito na inastahili jibu la kweli. Ndiyo, tunafanya hivyo. Tunafanya kwa uvumilivu wa wenye hadithi mama, na kwa kutegemea nafasi ambazo sheria za baadhi ya nchi zinaziacha. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, kifungu cha 107, inapima lengo la matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko. Hatudai kwamba sisi tuna haki kuliko watunzi hao, wala hatuwezi kumzuia mtu kufanya tashtiti au uhakiki wa kazi zetu.

Tofauti tunayoiona ni ya kipimo na ya ujirani. Hadithi mama inajulikana na watu wengi mno. Shabiki akimponya au kumuua mhusika wake, mhusika halisi anabaki pale pale na kila mtu anamjua. Mganga wetu anajulikana na wasomaji wachache kwa kurasa chache. Hadithi moja ya kuazima ikipendwa kuliko ya mwenyewe, kesho yake mwenye mganga ndiye anayeambiwa kwamba amemwandika vibaya. Isitoshe mtunzi wa hadithi mama hatumfikii kwa ujumbe, ilhali sisi tuko humu humu, majina yetu yako juu ya ukurasa, na kuuliza hakugharimu kitu. Tunachoomba ni adabu ya watu wanaoishi pamoja, nayo inahitaji kanuni kwa sababu tumeshakuwa wengi kuliko watu wanaofahamiana.

"Bandikeni leseni ya Creative Commons, imetosha." Leseni hizo, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, ni nzuri kwa anayezielewa, na miongoni mwetu wapo watakaozichagua. Lakini aliyeshaipokea kazi kwa masharti yake hanyang'anywi ruhusa hiyo maadamu anayafuata. Hazipokei masharti ya ziada kama "usimponye mguu". Yenye herufi ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na kuazima mhusika ndiko kubadilisha kwenyewe. Yenye SA inamlazimu mwazimaji kutoa hadithi yake kwa leseni hiyo hiyo, jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wamechelewa.

"Masharti mengi yatawatisha waazimaji." Uzoefu unaonyesha kinyume. Kampuni ya Crypton Future Media, yenye mhusika Hatsune Miku, mwimbaji wa kompyuta aliyetoka mwaka 2007, iliandika masharti yanayosomeka kwa mashabiki, na mwaka 2012 ikaiweka michoro yake rasmi chini ya leseni ya Creative Commons ya BY-NC, isiyoruhusu biashara. Mashabiki hawakukimbia. Kinachomtisha mwazimaji ni kutojua atalaumiwa kwa lipi.

"Hatuna muda wa kukagua haya yote." Hatuwaombi mkague. Fomu inajazwa na mwenye mhusika, ombi linaandikwa na mwazimaji, tarehe inawekwa na mfumo. Ugomvi ukiletwa, mtauliza maswali matatu tu: toleo lipi lilikuwepo, ombi lilisemaje, jibu lilikuwa nini. Kuhusu iwapo mganga "ameandikwa vizuri", msiingie kabisa. Hilo ni la ladha.

Tunachoomba

a) Kisanduku cha "Wazi" na "Amefungwa" kiondolewe na nafasi yake ichukuliwe na fomu ya mistari 6 tuliyoionyesha, pamoja na swali la kimya na swali la akili mnemba.

b) Maombi na majibu yawekwe mahali yanapobaki hata akaunti ikifutwa, yakionekana na pande mbili pamoja na wasimamizi.

c) Kila badiliko la masharti liwe na namba na tarehe, na kazi zilizoanza zilindwe kama tulivyoeleza katika lalamiko la 3.

d) Kanuni ya miezi 6 isimamishwe leo, kabla ya mengine yote. Wenye wahusika waliokwisha kutangazwa kuwa wa wote kwa kanuni hiyo warudishiwe kurasa zao wakirejea, bila kufuta hadithi zilizoandikwa katikati.

e) Kanuni mbili ziandikwe waziwazi: mwazimaji haazimishi, na alichobuni mwazimaji ni cha mwazimaji.

f) Wenye wahusika wapewe siku 60 za kujaza fomu mpya. Asiyejaza, mhusika wake aliyekuwa "Wazi" aruhusiwe kutajwa, kuzungumzishwa na kuchorwa, na mengine yahesabiwe "Uliza kwanza" hadi mwenyewe atakapojaza.

Rasimu ya fomu na ya ombi tumeshaiandaa na tuko tayari kuikabidhi. Tuko tayari pia kuwasaidia wanachama wapya kuijaza na kujibu maswali ya waazimaji, ili mzigo usiwaangukie nyinyi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, hata likiwa la kukataa, mradi liguse kila kipengele. Hadi hapo, wahusika wetu tumewaweka "Amefungwa". Anayeendelea na hadithi aliyoianza wakiwa "Wazi" asifute chochote: aendelee hadi mwisho, na akiulizwa aonyeshe barua hii.

Wenu katika kazi hii,

Waandishi na wachoraji wenye wahusika wa kubuni